Mvinyo wa mizabibu mikongwe isiyomwagiliwa: kuna kitu kweli au ni maneno ya lebo tu?

Kizibo

Habari zenu wakuu. Nimepewa zawadi ya chupa ya mvinyo mwekundu, Zinfandel, kutoka kiwanda cha familia huko California, Marekani. Lebo ya nyuma ina maelezo mafupi tu: mizabibu ilipandwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, haimwagiliwi maji, zabibu zinachumwa kwa mkono, na familia ni ile ile tangu shamba lilipoanza. Kilevi asilimia 15.2.

Kinachonisumbua ni hiki. Mti wa matunda ukizeeka unapunguza kuzaa, na mwenye shamba anaung'oa apande mwingine. Hapa uzee umeandikwa kwa fahari. Na kunyimwa maji nako kumeandikwa kwa fahari! Mmea uliokaa na kiu miezi yote ya kiangazi unawezaje kutoa kitu kizuri kuliko mmea uliotunzwa ukanyweshwa?

Halafu hiyo 15.2. Mvinyo mwekundu niliozoea ni 13 au 13.5. Huu umeongezewa kitu, au ndivyo ulivyo? Na je, niufungue sasa au niuweke miaka kadhaa? Aliyenipa aliuleta kwa heshima kubwa, ameubeba ndani ya nguo usivunjike, na sitaki kuunywa bila kujua ninachokunywa. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, na msinifiche kama ni biashara tu.

---

Msoma Lebo

Kizibo, umefanya vizuri kuuliza. Kwa sheria za lebo za Marekani, maneno "mizabibu mikongwe" hayana tafsiri rasmi. Jina la aina ya zabibu lina masharti: ukiandika Zinfandel, basi angalau asilimia 75 ya mvinyo itokane na Zinfandel. Mwaka wa mavuno una masharti yake, na jina la eneo lina yake. Umri wa mizabibu hauna. Mwenye shamba la miaka 25 na mwenye shamba la miaka 120 wanaruhusiwa kuandika maneno yale yale.

Kwingine wamejaribu kuweka mpaka. Barossa, Australia, tangu 2009 wana mkataba wa hiari wenye madaraja manne: miaka 35, 70, 100 na 125. Afrika Kusini mashamba yaliyofikisha miaka 35 yanaweza kupata muhuri wa kubandika kwenye chupa, na muhuri huo unataja mwaka mizabibu ilipopandwa. Huo naupenda kuliko yote, kwa sababu mnywaji anapewa mwaka na kujiamulia mwenyewe. Mwaka 2024 OIV, shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, lilipitisha kwamba mzabibu mkongwe ni ule wenye kumbukumbu rasmi za miaka 35 au zaidi, na shamba liitwe kongwe pale ambapo angalau asilimia 85 ya mizabibu yake imefika umri huo. Hayo ni mapendekezo kwa nchi wanachama, na Marekani si mwanachama.

Kwa hiyo ushauri wangu: tafuta mwaka wa kupandwa na jina la shamba. Lebo isiyo na hata kimoja kati ya hivyo usiitegemee. Yako angalau imetaja kipindi na imesema wazi kwamba haimwagiliwi. Mambo ya udongo na ladha nawaachia wanaoshinda shambani.

---

Mpogoaji

Kizibo, karibu sana. Mimi nafanya kazi kwenye shamba la familia lenye mizabibu ya aina hiyo hiyo, mingine ilipandwa kabla baba yake mwenye shamba hajazaliwa, na kazi yangu kubwa ni kupogoa. Aliyosema Msoma Lebo ni kweli tupu. Lakini kuna kitu nyuma ya maneno hayo, na nitaanza na kiu, kwa sababu uzee wa mizabibu hii huwezi kuuelewa kabla hujaelewa kiu yake.

Sehemu kubwa ya California inayolima zabibu hupata mvua majira ya baridi. Mzabibu wakati huo hauna jani hata moja, umelala. Unapoamka na kuchipua, mvua zinaanza kukatika, na kiangazi chote hadi mavuno kinaweza kupita bila mvua ya maana. Maji yote utakayotumia mmea yako ardhini tayari, yameshikwa na udongo. Kulima bila kumwagilia maana yake ni kuyatunza maji hayo yasipotee. Anayedhani ni kuuacha mzabibu ujitegemee aje masika aone kazi.

Kati ya mistari huwa tunaacha majani na mikunde iote wakati wa mvua. Inazuia mmomonyoko na inalisha udongo. Lakini jua likianza kukaza, majani hayo yanageuka kuwa mshindani, yananyonya maji ya mzabibu. Lazima yalimwe na kufukiwa, na siku ya kulima haisomwi kwenye kalenda. Mzee mwenye shamba anachimba kwa mkono hadi kina cha kiganja, anachukua konzi ya udongo na kuifinya. Ikibaki donge linalong'aa, linaloacha alama za vidole, anasema bado: trekta likipita hapo litaukandamiza udongo ugumu kama tofali. Donge likipasuka lenyewe anapoligusa kwa kidole gumba, tunaanza siku hiyo hiyo, kwa sababu wiki moja mbele udongo umeshakauka na maji yameshanyonywa. Tukishalima tunapitisha haro ya kuvunja mabonge, kisha rola, mpaka juu kunabaki tabaka la udongo laini uliovunjikavunjika. Tabaka hilo linakata njia ya maji kupanda juu na kukauka kwa jua. Ukifukua Agosti, juu ni vumbi, chini unakuta unyevu.

Na nafasi. Mashamba ya zamani yamepandwa kwa futi 8 kwa 8, yaani karibu mita 2.4 kila upande, wakati mashamba mapya yanabananisha. Waliopanda walijua kila mzabibu utahitaji eneo lake la kunywea. Hawakuweka waya wala nguzo. Mzabibu unasimama wenyewe, shina nene kama paja na mikono mifupi imetawanyika juu kama kikombe, na majani yanajifunika kivuli vishada vyenyewe.

Sasa uliza: kiu inafanya nini kwenye tunda? Mizizi ikianza kukutana na udongo mkavu, inapeleka ishara juu, majani yanafunga vitundu vyake vya kupumulia, na ncha za matawi zinaacha kurefuka. Hapo ndipo penyewe. Mzabibu ulioshiba maji unaendelea kuota matawi hadi mwishoni mwa kiangazi, nguvu inaishia kwenye majani. Uliobanwa kidogo unaacha kukua na kuelekeza sukari kwenye vishada na mizizi. Kiu ikija mapema, kabla zabibu hazijabadilika rangi, punje zinabaki ndogo. Punje ndogo ina ganda jingi kwa kila tone la maji, na rangi, tanini (kile kinachokausha ulimi) na sehemu kubwa ya harufu ya mvinyo mwekundu ziko kwenye ganda. Ukweli ni kwamba hakuna muujiza.

Nimesema kubanwa kidogo. Kiu ikizidi, majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka, zabibu zinasinyaa kabla hazijaiva, unapata sukari bila ladha. Mchana wa joto kali mimi hushika jani kati ya viganja viwili. Likiwa la baridi kuliko hewa, mmea bado unanywa. Likiwa la moto, umefunga. Mzabibu mchanga utakuta una jani la moto kuanzia saa tano asubuhi. Mkongwe ulio jirani yake, udongo ule ule, jani bado la baridi saa nane mchana.

Tofauti hiyo ndiyo uzee. Mizizi mingi ya mzabibu iko mita ya kwanza ya udongo, hata ile mikongwe, lakini ile michache inayoshuka imeshuka mita kadhaa, imepenya kwenye nyufa na tabaka za mfinyanzi ambako unyevu unakaa hadi mavuno. Mzabibu uliolelewa kwa maji ya matone hauna sababu ya kushuka. Mizizi yake inakusanyika chini ya bomba, pale tone linapoangukia. Umwagiliaji wa matone ulianza kuenea California miaka ya 1970, kwa hiyo shamba lililopandwa kabla ya hapo lililelewa katika hali nyingine kabisa. Huwezi kuchukua mzabibu wa miaka 30 uliozoea bomba ukaufungia maji ghafla ukategemea uishi kama huu. Ndiyo maana mimi nikisoma lebo, maneno "haimwagiliwi" nayapa uzito kuliko "mikongwe".

Jambo la pili la uzee ni akiba. Shina nene na mizizi minene vimehifadhi wanga wa miaka mingi. Mwaka wa mvua kidogo au wa joto kali, mkongwe unakula akiba yake na mavuno hayayumbi sana. Mchanga unapanda na kushuka na hali ya hewa. Watu wanasema mizabibu mikongwe hutoa mvinyo wenye nguvu. Ninavyoiona mimi, inatoa mvinyo uliotulia: mwaka mbaya si mbaya sana.

Na ni kweli inazaa kidogo, Kizibo, hujakosea. Shamba kama letu likitoa tani 2 au 3 kwa ekari tunashukuru. Kwenye bonde la joto lenye maji ya kutosha, shamba linaweza kutoa tani 10 au zaidi kwa ekari hiyo hiyo. Kuna mizabibu inayokufa kila mwaka. Ugonjwa wa kuvu wa shina unaingilia kwenye kidonda cha kupogoa, hasa mvua ikinyesha siku chache baada ya kukata, kwa hiyo tunachelewesha kupogoa kadiri tunavyoweza na vidonda vikubwa tunavipaka dawa. Mzabibu wenyewe unaweza kuwa umeoza katikati. Upo mmoja hapa unaopitisha mkono mzima toka upande huu hadi ule, umebaki ukanda wa ganda na ubao wenye upana wa vidole vitatu, na ukanda huo unalisha mikono miwili yenye vishada. Kuupogoa unauzunguka kwanza. Unatafuta utomvu unapita wapi, kisha unaamua tawi lipi libaki, na unaliacha na macho mawili tu ya kuchipua, pengine moja. Mashine haiwezi kufanya hivyo, maana hakuna mizabibu miwili inayofanana.

Kwa hesabu ya pesa, shamba kama hili lingeng'olewa zamani. Mengi yaling'olewa. Yaliyobaki California yalipita katika tundu la sindano mara kadhaa. Wakati wa marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, viwanda vilifungwa, lakini sheria iliacha mwanya wa familia kutengeneza juisi ya zabibu nyumbani, hadi galoni 200 kwa mwaka, na zabibu zikapakiwa kwenye mabehewa ya treni kwenda miji ya mashariki. Wenye mashamba wakapata sababu ya kutokung'oa. Baadaye, miaka ya 1970 na 1980, mvinyo mtamu wa rangi ya waridi unaotokana na Zinfandel ulipopendwa sana, mizabibu mingi mikongwe ikaokoka kwa sababu hiyo. Wapo wapenzi wa mvinyo wanaoudharau ule wa waridi. Mimi nauheshimu, umelinda mashina ambayo leo yanatoa chupa kama yako.

Kwa hiyo unapouliza kama ni biashara tu, jibu langu ni kwamba familia iliyobaki na shamba hilo inakubali kila mwaka kuvuna robo ya ambacho jirani anavuna. Hicho ndicho kimeingia kwenye chupa yako.

---

Kizibo

Mpogoaji, asante sana, nimesoma mara mbili. Sikuwahi kufikiri kwamba jani linaweza kupimwa joto kwa kiganja.

Nimeisoma lebo tena kwa makini. Kwa maandishi madogo kabisa chini wameandika mchanganyiko: Zinfandel ndiyo nyingi, halafu Petite Sirah, Carignane na Alicante Bouschet. Sasa nashangaa, mbele wameandika Zinfandel peke yake. Na bado sijapata jibu la 15.2.

---

Ganda na Mbegu

Nimefurahia maelezo ya Mpogoaji, ila naomba niweke mambo mawili sawa, kwa sababu wasomaji wengine wataondoka hapa wakidhani kila mzabibu mzee ni dhahabu.

La kwanza, mizabibu tunayoiona leo ikiwa na miaka 100 imeshachujwa. Iliyopandwa mahali pabaya, au aina isiyofaa, iling'olewa miaka mingi iliyopita, na hakuna anayeikumbuka. Kwa hiyo tukisema mikongwe ina mvinyo bora, sehemu ya ubora huo ni ya mahali, si ya umri. Mtu alichagua udongo mzuri mwaka huo, na udongo ule bado ni mzuri. Ukipanda mizabibu michanga hapo hapo, ukaipunguza vishada na kuitunza kwa uangalifu ule ule, unaweza kushangaa jinsi mvinyo wake utakavyokaribia. Na ipo mikongwe yenye virusi vinavyofanya majani yajikunje na kuwa mekundu mapema. Zabibu zake zinachelewa kuiva na sukari haipandi. Wengine wanaita hiyo tabia ya ukongwe, kumbe ni ugonjwa.

La pili, kulima bila kumwagilia hakuwezekani kila mahali. Panahitaji mvua ya kutosha majira ya baridi na udongo wenye kina unaoshika maji. Mlimani penye udongo wa sentimita 40 juu ya mwamba, mzabibu utakufa, na mkulima anayemwagilia hapo hafanyi dhambi. Hata Hispania, ambako kumwagilia mizabibu kulikatazwa kwa muda mrefu, sheria ililegezwa mwaka 1996. Mwaka wa ukame mkubwa, kumwagilia mara moja au mbili kunaweza kuokoa shamba kongwe lisife. Mimi ningemwelewa mwenye shamba aliyeamua hivyo.

Ila nakubaliana naye kwenye suala la utulivu. Nimeonja mvinyo wa shamba moja miaka tofauti, kipande cha mizabibu mikongwe na kipande cha michanga, na kile cha mikongwe kilikuwa na sauti moja kila mwaka. Cha michanga kilibadilika na hali ya hewa.

---

Mpogoaji

Ganda na Mbegu, kuhusu mahali tuko pamoja. Hata mzee wetu husema waliopanda walikuwa na jicho kuliko sisi, maana hawakuwa na bomba la kuficha makosa. Kuhusu virusi nako ni kweli, na sisi tunayo mizabibu ya hivyo. Tunaivuna siku nyingine, peke yake, na mara nyingi haiingii kwenye chupa ya mizabibu mikongwe. Ninapotofautiana nawe ni pale unaposema michanga itakaribia. Inakaribia kwa kazi ya mkono: unakata vishada, unapunguza majani, unahesabu. Mkongwe unajipunguza wenyewe. Na mwaka wa joto la ghafla wiki moja kabla ya mavuno, kazi yote ya mkono uliyofanya Juni haikusaidii, mizizi ndiyo inayokusaidia.

Kizibo, huo mchanganyiko ulioukuta ni dalili nzuri kuliko zote ulizotaja. Zamani walipanda aina mbalimbali kwenye shamba moja, zimechanganyika mstari kwa mstari, wakati mwingine mzabibu kwa mzabibu, wakavuna na kuchachusha pamoja. Zinfandel inatoa tunda na harufu ya beri, lakini rangi yake si nzito. Petite Sirah inaleta rangi na tanini. Carignane inaleta uchachu unaofanya mdomo utoe mate. Alicante Bouschet ni ya ajabu kidogo, nyama ya ndani ya punje ni nyekundu, wakati zabibu nyingi nyekundu ukizipasua ndani ni nyeupe. Ukiikamua inaacha mkono una rangi hadi kesho yake. Alimradi Zinfandel imefika asilimia 75, jina lake linaruhusiwa kukaa mbele peke yake, kama alivyoeleza Msoma Lebo.

Zinfandel yenyewe asili yake iko ng'ambo ya bahari. Mwaka 2001 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba ni zabibu ile ile inayoitwa Crljenak Kaštelanski pwani ya Kroatia, na Primitivo ya kusini mwa Italia ni hiyo hiyo. Mashamba ya kale Marekani yalikuwa yamejaa zabibu ambayo kwao ilikuwa imebaki mizabibu michache sana.

Sasa 15.2. Hakuna kilichoongezwa kinachohitajika kuieleza. Kilevi kinatokana na sukari ya zabibu. Hamira inakula sukari na kuacha kilevi, na zabibu zikivunwa na sukari ya digrii 26 kwa kipimo cha Brix, utafika karibu na 15. Shida ya Zinfandel, na uzuri wake, ni kwamba kishada kimoja hakiivi kwa pamoja. Shika kishada siku ya mavuno ukigeuze: begani kuna punje zimeanza kusinyaa na kuwa zabibu kavu, katikati zimeiva na kujaa, na ndani kabisa, karibu na kikonyo, kuna mbili tatu za waridi, bado chachu. Ukisubiri hizo za waridi ziive, za juu zitakauka zote. Ukiwahi, mvinyo utakuwa na ukali wa ubichi. Tunapita na kuonja, tunatafuna ganda na mbegu, na tunaamua.

Halafu kuna kinachotokea kwenye pipa la kuchachushia. Siku zabibu zinapopondwa tunapima sukari, tuseme inasoma 25. Kesho yake, kabla hamira haijaanza kazi, inasoma 26 au zaidi. Wageni wakiona wanadhani kipimo kimeharibika. Zile punje zilizosinyaa zilikuwa zimefungia sukari ndani. Zikilowa kwenye juisi usiku kucha zinaiachia. Kwa hiyo tunapanga mavuno tukijua kipimo cha shambani ni cha chini kuliko ukweli. Fahamu pia kwamba kwa mvinyo uliozidi asilimia 14, lebo za Marekani zinaruhusiwa kupishana na kipimo halisi kwa asilimia 1. Kilicho muhimu ni kama kilevi kinakuchoma. Mvinyo wa 15 uliotoka kwenye punje ndogo zenye ganda jingi unaweza kukaa mdomoni bila kuunguza, na mwembamba wa 14 ukakuunguza koo.

Kuweka au kufungua? Zinfandel nyingi ziko katika ubora wake ndani ya miaka michache ya mwanzo, wakati harufu ya tunda bado iko hai. Yako ina Petite Sirah na inatoka kwenye mizabibu inayozaa kidogo, itavumilia zaidi, miaka minane au kumi tangu mavuno haitakuwa ajabu kama imelazwa mahali penye giza na ubaridi usiobadilika wa nyuzi 12 hadi 15. Kama huna mahali pa hivyo, usiihifadhi. Joto la kabati linalopanda mchana na kushuka usiku litaiua kabla ya wakati wake. Mimi ningeifungua mwaka huu.

Isimamishe chupa siku moja kabla, mashapo yatulie chini. Watu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba cha joto kinafanya kilevi kipande juu ya harufu zote. Iweke kwenye friji nusu saa, inywe ikiwa nyuzi 16 hadi 18. Mimina taratibu, na ukiona weusi unakaribia shingo ya chupa, acha kumimina. Glasi ya kwanza inuse kabla hujaonja, kisha iache ikae dakika ishirini uirudie. Kwa kawaida beri zinatangulia, halafu pilipili manga na kitu kama majani makavu vinafuata nyuma. Kama mtashindwa kuimaliza, zibeni na muirudishe kwenye friji. Kesho yake tanini zitakuwa zimelainika, na kwa mizabibu ya hivi wapo wanaopenda glasi ya siku ya pili kuliko ya kwanza. Ukishaionja, tuandikie jina la shamba kama limo kwenye lebo, pengine tunajua udongo wake.